Shajara ya mradi: kusikilizana juu ya pikipiki ya safari ndefu

Lengo

Kazi yenyewe ni hii. Mimi na mke wangu, anayekaa nyuma yangu safari nzima, tuweze kuzungumza kwa sauti ya kawaida pikipiki ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Maelekezo ya ramani kutoka kwenye simu yaingie masikioni mwangu peke yangu. Redio ya mawimbi, ile ya kupokezana mazungumzo kati ya pikipiki na pikipiki, nayo iniingie bila kushika kitu mkononi, na rafiki yetu wa pikipiki ya pili, ambaye hedseti yake ni ya kampuni nyingine, asibaki nje ya mazungumzo. Muziki uwepo, ila uwe wa kwanza kunyamaza. Simu za kuongea hazitapokelewa pikipiki ikitembea. Hilo tulikubaliana kabla ya kununua hata waya mmoja, na limetupunguzia utata mwingi wa mipangilio.

Ninaujali mradi huu kwa sababu abiria asiye na njia ya kusema hubaki na kugonga bega. Kugonga bega mara moja kunaweza kumaanisha simama, mguu umekufa ganzi, begi limelegea, au tazama mlima ule. Dereva hana namna ya kujua ni lipi, na akigeuza shingo kuuliza anayaacha macho yake nje ya barabara.

Kuchagua mfumo

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni intakomu ya waya: kisanduku chini ya kiti, na waya wa kujisokota unaopanda hadi kwenye kila helmeti. Honda Gold Wing za miaka ya 1980 zilipendwa na wasafiri kwa jambo hili hasa, redio na mazungumzo ya dereva na abiria yakipita kwenye mfumo mmoja wa pikipiki. Waya hauna betri ya kuisha wala mawimbi ya kuingiliwa. Kero yake ni kushuka: watu wawili, nyaya mbili, na kila mnaposimama kuna plagi za kuchomoa.

Ya pili ni Bluetooth ya kawaida. Inatumia masafa ya GHz 2.4, ikiruka kati ya chaneli 79 mara 1,600 kwa sekunde, ndiyo maana hedseti nyingi zinaweza kukaa eneo moja bila kuvurugana sana. Pikipiki zikiwa tatu au nne, hedseti hushikana kwa mnyororo, na wa katikati akibaki nyuma mnyororo unakatika. Ya tatu, meshi, ilikuja kutibu hilo: kila hedseti hupokea na kupitisha, na mtu akipotea kundi hujipanga upya lenyewe. Cardo waliiingiza kwenye helmeti za pikipiki mwaka 2015, Sena wakafuata na ya kwao.

Umbali ulioandikwa kwenye maboksi, kilomita moja na zaidi, haunihusu sana. Kati ya kinywa changu na sikio la mke wangu hakuna hata mita moja. Nimechukua hedseti mbili za aina moja zenye meshi, na nimeamua kwamba nguvu na muda wangu vitakwenda kwenye spika, maiki na upepo. Hapo ndipo maneno yanapopotelea.

Jumamosi: spika mezani

Nimetoa pedi za mashavu kwenye helmeti zote mbili. Ndani kuna vishimo vya duara vya masikio, na spika zetu za milimita 40 zinaingia bila kulazimishwa. Spika ikigoma kuingia, usikwangue lile povu gumu la ndani ili kuitafutia nafasi. Povu hilo ndilo linalobonyea wakati wa ajali na kulipunguzia fuvu kishindo, na unene wake umehesabiwa. Afadhali spika nyembamba zaidi, au helmeti nyingine.

Kishimo hakikuambii sikio lako liko wapi. Kichwa changu kinakaa mbele kidogo ndani ya helmeti, na katikati ya kishimo iko nyuma ya tundu la sikio langu. Njia niliyotumia kupata mahali penyewe ni kubandika spika kwa velkro bila kukaza, kuvaa helmeti, kuchezesha wimbo wenye besi nzito kwa sauti ndogo, kisha kuingiza kidole na kuisogeza spika polepole: mbele, juu, nyuma. Kuna mahali ambapo besi inatokea ghafla. Hapo ndipo spika inapotazama tundu la sikio. Nikaweka alama kwa tepu na kubandika moja kwa moja.

Kina nacho kina thamani kubwa. Umbali kati ya spika na sikio ukiongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa takriban desibeli 6. Kwa hiyo spika iliyo sentimita mbili kutoka sikioni imepoteza sehemu kubwa ya nguvu ambayo ile ya sentimita moja inayo, na utajikuta unaongeza sauti hadi spika inakoroma. Upande wa kushoto wa helmeti yangu nimeweka sponji nyembamba nyuma ya spika kuisogeza karibu. Lengo ni iguse sikio kidogo tu. Ikilikandamiza, baada ya saa moja barabarani maumivu yatakulazimisha kuvua.

Mke wangu ana hereni na nywele nyingi, na kwake kishimo cha kulia kimehitaji marekebisho mara kadhaa. Sikumwachia hadi aliposema mwenyewe kwamba pande zote mbili ziko sawa. Masikio mawili yasipopata sauti sawa, mvaaji huongeza sauti kwa ajili ya upande dhaifu, na sikio la upande mwingine ndilo linaloumia.

Jumapili: maiki

Helmeti yangu ni ya kufunika uso wote, hivyo nimetumia maiki ndogo ya waya, iliyobandikwa ndani ya taya la helmeti mbele ya mdomo. Ya mke wangu inafunguka taya, na kwake maiki ya mkono mgumu ndiyo inayofaa, kwa sababu inabaki mahali pake taya likipanda.

Maiki hizi huchuja kelele kwa umbo lake. Zina matundu mbele na nyuma: kelele ya mbali hufika pande zote mbili kwa nguvu inayokaribiana na kujifuta, ilhali sauti ya mdomo ulio karibu hupiga upande mmoja zaidi. Hii ina maana mbili. Maiki lazima iwe karibu kabisa na midomo, na lazima iangalie upande sahihi. Yetu ina mshale mdogo upande wa kuzungumzia. Ikigeuzwa nyuma, bado inafanya kazi nyumbani, palipo kimya, na kumdanganya aliyeifunga. Barabarani upepo unaishinda.

Sifongo ya kuzuia upepo ibaki daima. Ikipotea, badili mara moja.

Barabarani, mwendo wa kwanza

Hadi kilomita 60 kwa saa tulizungumza kama watu walio sebuleni. Kwenye 90 maneno yakaanza kukatika. Kwenye 110 nilisikia pumzi na ngurumo, na sauti ya mke wangu ikiwa chini yake.

Kipimo changu cha kusikika ni orodha ya maneno anayosoma yeye bila mpangilio, nami ninayarudia: sita, tisa, pita, fika, shika, zima, kushoto, kulia, mafuta, simama. Kulia na kushoto hayajawahi kunipotea. Sita na tisa yalichanganyika mapema kabisa. Sababu iko kwenye mfumo wa sauti wenyewe: herufi kama s, f na sh zina nguvu kwenye masafa ya juu, na njia ya zamani ya mazungumzo ya Bluetooth huchukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 kwa sekunde, hivyo chochote kilicho juu ya takriban hezi 4,000 hakifiki. Njia pana zaidi, iliyoingia kwenye viwango vya Bluetooth mwaka 2011, huchukua sampuli 16,000. Nilipowasha chaguo la sauti pana kwenye menyu za hedseti zote mbili, sita na tisa yakatengana kwa mwendo wa chini. Kwa mwendo mkubwa bado upepo ulikuwa unaziba kila kitu, na hapo nikajua kazi inayofuata ni upepo.

Upepo

Hii ndiyo sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi, na ningependa kila mtu anayefunga intakomu aipe muda huohuo.

Ndani ya helmeti, kwenye mwendo wa barabara kuu, kelele ya upepo hukaribia desibeli 100 au kupita hapo. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 unabakiwa na dakika 15. Safari ndefu ni ya saa nyingi. Ukiongeza sauti ya spika ili ishinde upepo huo, unaongeza madhara juu ya madhara, na uziwi wa namna hii haurudi nyuma.

Nilianza na kioo cha mbele cha pikipiki. Kwa mwendo wa 90, kwenye barabara iliyonyooka na tupu, nilijiinua kidogo juu ya vikanyagio hadi helmeti ikatoka juu ya njia ya upepo wa kioo. Kelele ikapungua mara moja. Maana yake ni kwamba ukingo wa kioo ulikuwa unarusha upepo uliovurugika moja kwa moja kwenye helmeti. Upepo safi unaovuma kwa nguvu una kelele ndogo kuliko upepo dhaifu uliosokoteka. Nikakishusha kioo hatua moja, na ngurumo ikawa mvumo.

Kwa mke wangu mambo yalikuwa tofauti. Yeye anakaa juu zaidi, na mabega yangu ndiyo yanayomvurugia upepo. Kioo nilichokishusha kwa faida yangu kilimzidishia kelele kidogo. Tulitafuta urefu wa katikati kwa kusimama, kubadili, kuondoka, kusoma orodha tena. Yeye ndiye aliyetoa uamuzi: "Hapa hapa, mume wangu, usiguse tena."

Kisha shingo. Kelele nyingi huingia kwa chini, kwenye uwazi wa shingo na kidevu. Kitambaa cha kidevu kinachobandikwa kwenye taya la helmeti, pamoja na skafu nyembamba ya shingoni, vimefanya kazi kubwa kuliko badiliko lolote la menyu.

Mwisho, vizibo vya masikio. Wengi huamini kwamba ukiziba masikio hutasikia intakomu. Kinachotokea ni kinyume, mradi spika ziwe mahali pake: kizibo hushusha upepo na sauti ya spika kwa pamoja, kisha unaongeza spika pekee, na maneno yanasimama juu ya upepo. Vile vya sponji hukata zaidi masafa ya juu, hivyo sauti inakuwa nzito na ile s inarudi kufifia. Vyenye kichujio hukata kwa usawa zaidi. Mke wangu amechagua vya kichujio. Mimi nimebaki na sponji kwa sababu sikio langu la kulia halivumilii vile vingine. Ni muhimu kila nchi isomewe sheria yake kuhusu kuziba masikio na kuvaa spika barabarani, maana hazifanani.

Tumerudia orodha kwa 110. Sita ni sita, tisa ni tisa.

Umeme, na mlio uliopanda na injini

Redio ya mawimbi haina Bluetooth. Nimeipa umeme wa volti 12 kutoka kwenye betri ya pikipiki kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, na rilei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayowashwa na mstari wa taa ya nyuma, ili kila kitu kizime funguo ikitolewa. Hilo la rilei si anasa. Kifaa kinachokunywa miliampea 20 tu usiku na mchana huondoa karibu nusu ampea-saa kwa siku, na betri ya ampea-saa 14 iliyoachwa bandani hupoteza nusu ya chaji yake ndani ya wiki mbili hivi.

Sauti ya redio inaingia kwenye adapta ndogo ya Bluetooth, nayo adapta inakula volti 5 kutoka kwenye soketi ya USB ya pikipiki hiyohiyo. Nilipowasha injini, masikioni ukaja mlio mwembamba uliopanda na kushuka pamoja na mzunguko wa injini. Huo ni mlio wa alteneta, mtambo unaozalisha umeme injini ikizunguka. Ungekuwa mtatariko wa kukatakata, ningetazama plagi za moto na waya zake.

Kumjua mhalifu ni rahisi. Nilichomoa umeme wa adapta ikabaki kwenye betri yake ya ndani, na mlio ukafa papo hapo. Nilipourudisha, ukarudi. Redio na adapta vyote vina njia ya hasi kwenda kwenye fremu, na waya wa sauti kati yao unaunda njia ya tatu, duara linalobeba mabaki ya umeme wa alteneta na kuyamwaga kwenye sauti. Kuhamisha nyaya zote mbili za hasi hadi nukta moja kwenye betri kulipunguza mlio, ila haukuisha. Uliisha nilipoweka kitenganishi kwenye waya wa sauti: transfoma ndogo ya uwiano wa 1:1, ambayo hupitisha sauti kwa sumaku bila waya wa upande mmoja kugusana na wa upande wa pili. Ni kifaa kidogo kuliko kidole gumba na hakihitaji umeme wowote.

Kitufe cha kuongelea kiko kwenye usukani, upande wa kushoto, mahali ambapo kidole gumba kinakifikia bila kuachia klachi.

Pikipiki ya pili

Rafiki yetu alikuja na hedseti yake. Hedseti za kampuni tofauti huunganishwa kwa ujanja mmoja wa zamani: ya kwangu inaiambia ya kwake kwamba yenyewe ni simu. Inafanya kazi, tulisikilizana vizuri kabisa uwanjani. Ila kwenye hedseti yangu kuna nafasi mbili tu za vifaa, moja imeshikwa na simu yenye ramani, nyingine na adapta ya redio. Rafiki akiingia, kimoja lazima kitoke.

Tulijaribu kutoa redio. Barabarani, kila alipopita kona iliyo nyuma ya kilima, alipotea. Masafa ya GHz 2.4 yanapenda kuonana uso kwa uso, na mwili wa binadamu, ukiwa maji kwa sehemu kubwa, unayanywa: kichwa changu na abiria wangu wako katikati ya antena yangu na pikipiki iliyo nyuma. Tukirudisha redio na kumpa yeye redio ya pili, sauti ilikuwa ya kukwaruza kidogo lakini ilimfikia kwenye kona zilezile.

Nikamwambia, "Kaka, baki na redio, achana na kuoanisha." Akakubali. Kwa hiyo mgawanyo ni huu: ndani ya pikipiki yetu ni meshi, iliyo wazi wakati wote, kati ya pikipiki na pikipiki ni redio, kwa kubonyeza kitufe, kwa maneno machache. Wenye kufuata njia hii waulize kwanza ni masafa yapi yanaruhusiwa bila leseni mahali walipo, kwani kinachoruhusiwa nchi moja huadhibiwa nyingine.

Rafiki yetu, badala ya kitufe, hutumia hedseti inayofunguka kwa sauti ya mdomo, na silabi ya kwanza humezwa. Amezoea kuanza na "Haya" kisha neno lenyewe. "Haya, lori linapita kulia."

Mvua

Hedseti zetu zina kiwango cha IP67: vumbi haliingii, na zinahimili kuzama mita moja kwa dakika 30. Hiyo ni iwapo kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kimefungwa. Ukichaji huku mvua inanyesha, kiwango hicho hakipo tena. Sasa tunachaji tukiwa tumesimama, kwenye kivuli, kamwe si kwenye helmeti iliyoachwa juani. Sifongo za maiki zikilowa huzima sauti kama mtu anayeongea ndani ya mto. Tumebeba za akiba kwenye mfuko mkavu.

Yaliyobaki

Maelekezo ya ramani bado yanamkata mke wangu katikati ya sentensi, kwa sababu ramani ina kipaumbele kwenye menyu. Nitajaribu kuishusha nyuma ya intakomu na kuongeza muda wa tangazo kabla ya kona. Tumeweka pia utaratibu: ninapolipita gari jingine, yeye hunyamaza hadi niseme "tumepita", isipokuwa anaona hatari.

Kitenganishi kinaning'inia kwa tepu chini ya kiti. Kinahitaji kisanduku chake na kamba ya plastiki. Vifungio vya velkro vya spika yangu ya kushoto vimeanza kulegea kwa jasho, nimeagiza vingine. Rafiki anataka rilei kama yangu; tutaifunga kwenye pikipiki yake kabla ya safari ijayo, na orodha ya maneno tutaisoma upya kwa redio, watu watatu, kwa mwendo wa 90.